Taa ya Kuona na Taa ya Kuonekana

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kuziona. Giza linaanza kuingia, motokaa inatokea konani, na kabla hujatambua ni ya nani waona duara mbili nyeupe zinang'aa kuzunguka taa zake za mbele, mithili ya pete. Vijana huziita macho ya malaika. Wazee wengine huziita mchezo wa watoto, na wengine huuliza kama si kufuru kulipa gari jina la namna hiyo. Kwa kuwa mimi ni karani wa parokia, swali hilo limeletwa mezani kwangu zaidi ya mara moja, pamoja na maswali ya vyeti vya ubatizo. Jawabu langu ni fupi: ni jina tu. Mtu aliyekwisha kuona picha ya malaika mwenye duara la nuru kichwani, kisha akaziona taa hizi, alifananisha; hakukusudia kudhihaki.

Lakini lipo swali la pili, nalo ni zito kuliko hilo la jina. Je, ni vema mtu mwenye familia atoe fedha yake kwa pambo la namna hii? Na je, kazi yenyewe yaweza kufanywa nyumbani bila kuiharibu motokaa? Leo naomba nikujibu yote mawili, maana nyumbani kwetu maswali haya yalikaa nasi mezani jioni nyingi, tena nusura yatugombanishe.

Sisi tunakaa nyanda za juu, mkoani Njombe. Huku kwetu baridi ni kali, na katika miezi ya mvua ukungu hushuka hata usione mti ulio mbele ya nyumba yako. Tunalima viazi na mahindi, na wengi wamepanda misindano kama akiba ya uzeeni. Marehemu baba yetu naye alipanda. Alipofariki, miti yake ilikuwa imekomaa. Ikauzwa, na kwa shauri la ukoo fedha ile ikanunua gari dogo la Toyota, lililokwisha kutumika Japani. Gari likakabidhiwa kwa mdogo wangu, alitumie kubeba abiria na viazi, na faida imtunze mama yetu na kuwasomesha watoto wa dada yetu.

Basi utaelewa kwa nini mama haliiti gari lile gari. Husema, "Ile ni miti ya baba yenu." Na utaelewa pia moyo wake ulivyoshtuka siku ile mdogo wangu alipotamka kwamba anataka kuzifungua taa za mbele kwa moto, azibandike pete ndani, kisha azifunge tena.

Mama akasema, "Mwanangu, matairi ya nyuma yamekuwa kipara kama kichwa cha babu yako, nawe wataka kulivisha gari hereni? Taa ni ya kuona. Hiyo pete yako itakusaidia kuona nini?"

Mdogo wangu hakumjibu mama kwa ukali, maana tulilelewa vema. Lakini usiku alinijia chumbani akaniambia, "Kaka, wewe ulipelekwa chuo cha ualimu ukasoma. Mimi tangu nimalize darasa la saba nabeba viazi. Sinywi pombe, sivuti sigara, na kila shilingi ya gari hili naiandika daftarini kama ulivyonifundisha. Kitu kimoja tu kizuri nikitaka, ni dhambi?"

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinigusa. Wengi wetu tuliosoma kidogo twapenda kuwahubiria wadogo zetu juu ya anasa, nao wametufanyia kazi mashambani ili sisi tukae darasani. Nikamwambia si dhambi. Nikamwambia pia kwamba mama naye hana kosa. Kila jambo lina mahali pake kwenye mstari: kwanza matairi, ndipo pete. Na pete zenyewe hazitawekwa mpaka tumeijua kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, kama mwalimu anavyoandaa somo kabla ya kuingia darasani.

Alikubali. Matairi mawili yakanunuliwa baada ya mavuno ya viazi. Mimi nikajifunza, nikauliza mafundi, nikasoma, nikaandika. Sasa nakupa niliyoyajifunza.

Pete hizi zilianzia Ulaya. Kiwanda cha BMW cha Ujerumani kiliziweka mwaka 2000 katika gari lake la 5 Series, lilipofanyiwa marekebisho ya sura. Zile za kwanza zilikuwa pete za plastiki angavu zilizopitisha mwanga wa balbu iliyofichwa nyuma, kama maji yanavyopita katika mfereji. Kusudi lake lilikuwa motokaa itambulike kwa mbali, hata usiku. Watu wakazipenda, na viwanda vingine vikaanza kutengeneza pete za kuuza peke yake, ili kila mtu aweze kuzitia katika gari lake la namna yoyote. Ndizo zinazouzwa mijini leo.

Zipo za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni kibomba chembamba cha kioo chenye gesi ndani, ndugu wa zile taa ndefu za ofisini. Hiyo huhitaji kijisanduku cha kukuza nguvu ya umeme, na kioo chake huvunjika upesi katika barabara zetu za makorongo. Namna ya pili ni mduara wa taa ndogondogo za LED, na mara nyingi hufunikwa kwa plastiki nyeupe kama maziwa ili nuru ionekane mfululizo. Hizi hazivunjiki ovyo, wala hazili umeme mwingi. Mdogo wangu alinunua hizi za pili, nyeupe. Jozi yake haikufika nusu ya bei ya tairi moja.

Nimesema nyeupe, na hapo usipite haraka. Wauzaji wanazo za bluu, nyekundu, kijani, na zinazogeuka rangi kama kinyonga. Taa nyekundu husema, "Huku ni nyuma ya gari." Mkataba wa Vienna juu ya usafiri wa barabarani wa mwaka 1968 unakataza gari kuonyesha nuru nyekundu upande wa mbele, na sababu yake hata mtoto ataielewa: dereva akiona nyekundu gizani hudhani gari lile linakwenda mbele yake, kumbe linamjia usoni. Bluu nayo watu wamezoea kuiona katika magari ya polisi na ya wagonjwa. Basi chagua nyeupe. Na kabla ya kufungua hata skrubu moja, pita kituo cha polisi wa usalama barabarani kilicho karibu nawe uulize wanachoruhusu. Swali ni la bure, lakini faini si ya bure.

Sasa tuje kwenye kazi. Kwanza kabisa, usiku mmoja kabla ya kufungua, tulilisimamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukuta wa ghala, tupu, matairi yakiwa na upepo wake sawa. Tukawasha taa za chini. Ukiangalia ukutani utaona mwanga una ukingo wa juu, kama mstari. Tukauchora mstari ule kwa chaki, upande wa kulia na upande wa kushoto, na mahali pa magurudumu tukapigilia mambo. Mdogo wangu aliona ni kupoteza muda. Nikamwambia, "Subiri, chaki hii itatuambia jambo baadaye."

Kesho yake asubuhi tukaanza. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri, ule wenye alama ya kutoa. Kisha bampa. Katika gari letu bampa lilishikwa na skrubu, vipini vya plastiki, na nati za spana namba 10. Usivute kwa hasira; plastiki iliyozeeka hukatika kwa baridi. Kila nati tuliyofungua tuliiweka katika kikombe chake na kuandika ilipotoka. Taa zikachomolewa kutoka nyaya zake, na balbu zikatolewa. Balbu hizi za haloji usizishike kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono hubaki juu ya kioo, nacho kikipata moto mkali, mahali pale hupata joto kupita pengine na balbu hufa kabla ya siku zake. Shika kitako chake, au tumia kitambaa safi.

Taa yenyewe, msomaji, ni vipande viwili: kasha la nyuma, na uso wa mbele ulio angavu. Vimeunganishwa na gundi nyeusi ya mpira iliyojazwa katika mfereji kuzunguka kasha. Gundi hii ikipata joto hulegea kama ubani, ikipoa hushika tena. Ndiyo siri ya kazi yote. Mafundi wa mijini huitia taa nzima katika joko la umeme. Sisi hatuna joko la namna hiyo, wala jiko la mkaa halifai hata kidogo, kwa sababu joto lake halipimiki na upande mmoja utaungua wakati upande wa pili bado baridi. Tulichukua boksi kubwa la katoni, tukaiweka taa ndani juu ya kibao, tukatoboa tundu pembeni, na kupitia tundu lile tukapuliza hewa ya moto kwa draya tuliyoazima saluni. Kipimajoto kilikuwa ndani ya boksi.

Joto linalotakiwa halizidi digrii 100 za Selsiasi. Plastiki ya uso wa taa, iitwayo polikaboneti, hulegea ifikapo kadiri ya digrii 147, lakini mapambo yaliyo ndani huanza kupinda mapema kuliko hapo. Basi bora kwenda polepole na kurudia mara mbili au tatu, kuliko kuharakisha mara moja. Mtu akae karibu na boksi wakati wote, na ndoo ya maji iwe karibu; katoni na moto si marafiki.

Gundi ilipolegea, tuliondoa vishikizo na skrubu zote zilizobaki, tukaingiza bisibisi bapa katika ukingo na kuinua kidogo kidogo, kutoka kona moja hata nyingine, mdogo wangu akiinua nami nikishika kasha. Iwapo gundi haitaki kulegea hata baada ya joto la kutosha, acha. Viwanda vingine hutumia gundi ngumu isiyosikia joto, na taa ya namna hiyo haifunguki ila kwa msumeno. Mwenye hekima huirudisha mahali pake na kukaa bila pete.

Mama alikuwa amekaa barazani akichambua maharage. Uso wa taa ulipotoka wote, alisimama akaja kuangalia. Hakusema neno. Akarudi kwenye maharage yake.

Ndani ya taa utaona kama kioo cha fedha. Usikiguse! Kile ni utando wa alumini, mwembamba kuliko karatasi kwa mbali sana, uliopakwa juu ya plastiki. Ukiufuta kwa kitambaa, hata kilicho safi, utauchubua, na mwanga wa taa kubwa utapungua siku zote. Kama vumbi limeingia, pulizia hewa tu. Nimeona katika mji mmoja gari ambalo aliyelifanyia kazi hii aliing'arisha sehemu ile kwa kitambaa na mafuta. Pete zake zang'aa vizuri, lakini taa zenyewe zamulika kama kibatari.

Pete hukaa juu ya pambo linaloizunguka taa, si mbele ya kile kioo cha fedha, wala karibu mno na balbu yenye moto. Iweke kwanza bila gundi, uitazame kutoka mbele. Je, inaziba njia ya mwanga? Ikiziba, si saizi yake. Kuhusu gundi nina maonyo mawili. Ile gundi ya haraka ya kuunganishia viatu hutoa moshi usioonekana unaoacha ukungu mweupe juu ya plastiki. Na ile gundi ya silikoni inayonuka siki hutoa asidi, nayo ikifungiwa ndani ya taa huweza kuula ule utando wa fedha. Tafuta silikoni isiyonuka siki, utumie kidogo, uiache ikauke siku nzima kabla ya kufunga.

Waya wa pete hutoka nje kwa tundu dogo katika kasha la nyuma, na tundu lile lizibwe kabisa kwa kipete cha mpira na silikoni. Lakini kuna matundu mengine, madogo, yaliyowekwa na kiwanda ili taa ipumue. Hayo usiyazibe.

Kabla ya kufunga uso, jaribu. Hili nalisisitiza kwa sababu kufungua taa mara ya pili ni mateso. Tuliunganisha pete zote mbili na betri kwa muda, tukaziacha zikiwaka kwa saa nzima huku tukila chakula cha mchana. Taa za LED hupitisha umeme upande mmoja tu, hivyo kama haiwaki, geuza nyaya kwanza kabla ya kumlaani muuzaji.

Hapa naomba kurudi darasani kidogo. Ukitaka kujua umeme unaopita katika waya, gawa wati kwa volti, utapata amperi. Pete moja ya wati 4 katika betri ya volti 12 hutumia theluthi moja ya amperi. Pete mbili hazifiki hata amperi moja. Taa kubwa za mbele, kila moja wati 55 au 60, hutumia pamoja karibu amperi 10. Basi pete si mlaji. Lakini kila waya mpya unaouongeza katika gari ni mahali papya moto unapoweza kuanzia, kwa hiyo tuliweka fyuzi ndogo ya amperi 3 karibu na chanzo cha umeme, tukaunganisha na waya wa taa ndogo za kuegeshea, na waya wa hasi tukaufunga katika bodi ya gari mahali palipokwanguliwa rangi. Viungo vyote tulivilehemu na kuvifunika kwa mpira. Usikubali fundi asokote nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga kwa utepe tu. Mvua na mtikisiko wa njia zetu vitazifungua, nawe utakuwa umebeba watu.

Kisha taa ikapashwa moto tena, uso ukarudishwa katika mfereji wake, ukabanwa kwa vibanio hata ukapoa. Gundi ilipopungua tuliongeza mpya ya namna ileile. Siku ya pili tulizimwagia taa maji kwa kopo la kumwagilia mboga, tena na tena. Ukiona ukungu mwepesi ndani ya uso, nao ukaondoka taa zikiwashwa, usiogope, taa inapumua. Ukiona matone yanatiririka au maji yamekaa chini, basi pana ufa, na kazi irudiwe kabla gari halijatoka.

Usiku ule tukalirudisha gari mita 10 kutoka ukuta, penye zile mambo. Tukawasha. Kumbe taa ya kulia ilikuwa imepanda juu ya mstari wa chaki kwa kiganja kizima cha mkono! Kiganja si kitu mbele ya ukuta, lakini nuru hukua kadiri inavyokwenda mbali, na huko mbele ingempiga machoni kila dereva na kila mpanda pikipiki anayekuja. Kwa kawaida mwanga wa taa za chini hushuka kadiri ya sentimita 10 kwa kila mita 10. Nyuma ya taa kuna skrubu ya kuishusha na kuipandisha. Mdogo wangu akaizungusha taratibu hata mwanga ukaukalia mstari wa chaki. Akaniangalia, akacheka. Akasema, "Mwalimu hastaafu."

Labda utaniuliza, "Mama alisema nini?" Alisema pete ni nzuri. Kisha akauliza tena lile swali lake: zitatusaidia kuona nini? Nami, nikisema kweli, sikuwa na jibu la kumtosheleza, kwa sababu pete haimuliki njia. Mtu akikuuzia pete akisema zitakusaidia kuona barabara, amekudanganya.

Jibu lilikuja lenyewe katika mvua za mwaka ule. Usiku mmoja simu ililia. Mama mmoja wa kitongoji cha bondeni alikuwa na uchungu wa kuzaa, na njia ya kwao haipitiki kwa gari. Watu wangembeba kwa machela kupanda mlima hadi barabarani. Ukungu ulikuwa mzito kama blanketi. Mdogo wangu alikwenda, nami nikafuatana naye. Tulifika njia panda, wao bado. Hatukujua watachukua muda gani, wala wao hawakuweza kujua kwa hakika tumesimama upande gani. Tungeacha taa kubwa zikiwaka na injini imezimwa, zingekula zaidi ya amperi 11 pamoja na taa nyingine zinazowaka nazo, na betri yenyewe ilikuwa ya zamani. Mdogo wangu akazima taa kubwa akaacha taa ndogo pamoja na pete. Zote pamoja hazikufika amperi 3. Tukakaa gizani, duara mbili nyeupe zikitazama bondeni.

Baada ya karibu saa moja na nusu tukasikia sauti. Waliobeba machela walituambia kwamba walipofika kwenye shamba la chai waliipoteza njia, wakasimama. Ndipo kijana mmoja akaona mbali juu macho mawili ya duara katika ukungu, wakayafuata. Gari likawaka kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu akawasha taa za chini, si zile kubwa za mbali, kwa sababu katika ukungu taa za mbali humrudia dereva machoni kama ukuta mweupe, akaendesha polepole hadi kituo cha afya. Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, wa kiume, na mama yake yu mzima.

Tulipomsimulia mama yetu, alinyamaza kidogo. Akasema, "Kumbe iko taa ya kuona na iko taa ya kuonekana." Kisha, kwa kuwa ndiye mama yetu, akaongeza, "Lakini kama matairi yangekuwa yale ya kipara, mngeonekana vizuri mkiwa mtaroni."

Ndugu msomaji, sikukusimulia haya ili kila mwenye gari akimbilie kununua pete. Mama mgonjwa angeweza kufika hata kwa tochi na kelele. Wazazi wetu walifika hivyo miaka mingi. Nimeyasimulia kwa sababu nyumbani mwako pia pengine yupo kijana anayetaka kitu ambacho wewe waona ni upuuzi. Kabla ya kumkatalia, mwulize ameweka nini mbele yake katika mstari. Kama matairi, breki na karo za watoto vimetangulia, na fedha ni jasho lake, mwache apambe. Tena kaa naye, umshikie kasha wakati anainua uso wa taa. Kijana anayefanya kazi ya mikono pamoja na mzee wake hujifunza mambo mengi yasiyohusu taa.

Na wewe kijana, sikia. Mzee anayekuuliza "itakusaidia nini" hakuonei wivu. Anakumbuka miti ilivyopandwa. Mjibu kwa upole, na umjibu kwa kazi iliyofanywa sawasawa: waya uliolehemiwa, fyuzi mahali pake, mwanga uliokaa juu ya mstari wa chaki. Ukiona kazi hii yakushinda, hakuna aibu kumpelekea fundi wa umeme wa magari. Lakini sasa wajua maswali ya kumwuliza na makosa ya kumkataza.

Ile chaki bado iko ukutani pa ghala letu. Kila baada ya miezi michache tunaliegesha gari pale tutazame kama mwanga haujahama, kwa sababu njia zetu hulegeza kila skrubu. Hata wewe usiye na pete wala nia ya kuwa nazo, fanya hivyo leo jioni kwa gari lako au pikipiki yako. Ni kazi ya dakika chache, nayo itawafaa wote unaokutana nao gizani.

Nakutakia safari njema.

Karani wa parokia, Njombe